Wacheza bao wangu wote wanatazama kulia, nimekosea wapi?

Wakuu, habari za jioni. Nasoma filamu, mwaka wa kwanza. Zoezi letu: watu wawili wanacheza bao barazani, dakika 2, bila maneno. Shoti pana niliipiga nikiwa upande wa barabarani, mzee kushoto, kijana kulia. Jua likanisumbua, nikahamia upande wa ukutani kupiga uso wa kijana. Sasa kwenye editi wote wanatazama kulia kama abiria wa daladala. Halafu nilipomsogelea mzee kutoka palepale nilipopigia shoti pana, picha inaruka. Nawasilisha Ijumaa. Nikiigeuza shoti ya kijana kwenye programu, itafaa?

*Jibu la 1*
Pole, umevuka mstari. Chukulia kuna uzi umefungwa kutoka pua ya mzee hadi pua ya kijana. Kamera ibaki upande mmoja wa uzi huo, ndani ya nusu duara, yaani nyuzi (digrii) 180. Tazama mpira kwenye TV: kamera kuu zipo upande mmoja wa uwanja, ndiyo maana hupotezi timu ipi inashambulia goli lipi. Kuruka ni jambo jingine, hukubadili pembe. Ukimrudia mtu yuleyule, zunguka walau nyuzi 30 na ukubwa wa picha ubadilike hasa.

*Jibu la 2*
Usigeuze, tafadhali! Mkono wa kulia utakuwa wa kushoto, maandishi ya fulana yatasomeka kinyumenyume. Na nyumba, lile shimo kuu la bao, je? Kwa mchezaji ni shimo la tano kutoka kushoto, kati ya manane ya safu ya ndani. Ukigeuza inakuwa la nne. Mtu wa bao ataona hapohapo. Kete nazo zilingane shimo kwa shimo kati ya shoti na shoti. Mimi huwa napiga ubao picha kwa simu kabla mtu hajagusa tena.

*Mwanzisha uzi*
Kete sikuziangalia kabisa, na zimebadilika. Nifanyeje?

*Jibu la 1*
Kama huwezi kurudia, weka katikati shoti ya mkono ukipanda kete, kamera ikiwa juu ya ubao moja kwa moja. Inapunguza mshtuko. Ila bora urudie, saa ileile. Kijana mpige kupitia bega la kulia la mzee, utabaki upande wa barabarani. Jua likiwa kali, watu wawili washike shuka jeupe juu yao.

*Mwanzisha uzi*
Asanteni sana wakuu. Mzee kakubali kesho alasiri, shuka naazima kwa dada.