Tiba ya kusogeza macho: ni tiba kweli au ni kiinimacho?

Mkaazi wa Wete (aliyeuliza)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naomba ushauri juu ya mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, ambaye ni miongoni mwa waliookolewa meli ilipozama katika mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kuja Pemba. Wakati huo alikuwa na miaka 19, na alitolewa majini asubuhi akiwa ameng'ang'ania godoro. Hakuwa na jeraha la kutisha, akarejeshwa kwetu kwa ndege, na kwa kuwa baadaye alifanya kazi, akaoa na kupata watoto, sote tulijipa moyo kwamba yamekwisha.

Hayajaisha. Umeme ukikatika na jirani akawasha jenereta, harufu ya dizeli ikimfikia tu hutoka ndani akasimama katikati ya uwanja, jasho linamtoka, na ukimwita hakusikii mpaka umguse. Mkewe ameniambia kwamba mpaka leo hulala ameshika pembe ya godoro, na ukijaribu kumfungua vidole usingizini hushtuka kwa kelele. Chombo cha baharini hajapanda tena. Mwaka huu mama yetu alitakiwa kwenda Unguja kwa matibabu, naye akajitolea kumpeleka. Tulifika Mkoani, mabegi yakapakiwa, yeye akabaki getini, na mama akaondoka na mimi. Tangu siku hiyo ameingiwa na aibu kubwa kuliko hata khofu yenyewe, na usiku humeza vidonge vya usingizi anavyovinunua dukani.

Mtoto wa mama yetu mdogo aliyeko London anasema huko kuna tiba ambayo mtaalamu hupitisha vidole mbele ya mgonjwa, mgonjwa akavifuata kwa macho huku anakumbuka yaliyomkuta, na kumbukumbu ikapoteza makali. Nilipomweleza mume wangu alicheka, akasema hicho ni kiinimacho kwa maana yake halisi. Ninauliza kwa dhati: tiba hii ipo? Je, ni kumlaza mtu akili kisha kumwingizia maneno? Na kama ni vidole tu, mimi siwezi kumfanyia nyumbani kwa kufuata video?

Muuguzi wa afya ya akili, Unguja

Waalaykum salaam, dada yangu. Pole wewe, na pole zaidi mdogo wako.

Tiba ipo na inajulikana kwa ufupi kama EMDR. Aliyeianzisha ni Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1987 alikuwa akitembea katika bustani akagundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimkera yalipungua nguvu wakati macho yake yalipokuwa yakienda huku na huku yenyewe. Alilijaribu jambo hilo kwa watu wengine na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Watu wengi walimcheka kama alivyocheka shemeji yetu. Hata hivyo, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu maradhi yanayotokana na kiwewe, liliitaja tiba hii pamoja na tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na mwenendo, kuwa ndizo za kuzingatiwa kwa watu wazima na kwa watoto.

Kumlaza mtu akili sio. Mgonjwa yu macho, anajua alipo, anaweza kuinua mkono kusimamisha wakati wowote, na hakuna anayemwambia afikiri nini. Lengo ni awe na mguu mmoja katika tukio la zamani na mguu mwengine ndani ya chumba, penye kiti, feni na mtu anayemwamini.

Hilo la video nalikataa moja kwa moja. Tiba ina hatua nane, na vidole havionekani mpaka hatua ya nne. Kabla yake mtaalamu huuliza historia yote ya mtu: ana kifafa, anaumwa na macho, amewahi kujidhuru, huwa anapotewa na fahamu za pale alipo? Maelezo yako ya mtu anayesimama uwanjani bila kusikia anapoitwa ni mfano wa jambo ambalo mtaalamu lazima alijue mapema. Kisha humfundisha namna ya kujituliza, kwa sababu ukimfungulia mtu mlango wa usiku ule bila ya kumwonyesha namna ya kuufunga, unamzamisha mara ya pili. Ndipo wanapochagua picha moja iliyo mbaya kuliko zote, mgonjwa akaipa namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10, akataja na kauli anayojisema moyoni kwa sababu ya tukio lile. Baada ya hapo ndipo vidole vinapopita kwa karibu nusu dakika, vikasimama, na mgonjwa akaulizwa tu: sasa kimekujia nini? Wanaendelea na hicho kilichokuja. Kikao huchukua dakika 60 hadi 90, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unataja kwa kawaida vikao 8 hadi 12 kwa mtu mzima.

Kuhusu vidonge: vikiwa ni vya jamii ya diazepamu, humlaza mtu lakini haviigusi kumbukumbu, na mwili huvizoea. Asiviache ghafla kwa kuwa nimesema hivi. Avichukue kama vilivyo, na paketi yake, amwonyeshe daktari ili avipunguze kwa mpango.

Mwalimu wa sayansi, Chake Chake

Namheshimu Bi Muuguzi, na sipingi kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu. Ninachotaka kujua ni kwamba nafuu hiyo inatoka wapi. Mtaalamu Richard McNally wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika mwaka 1999 kwamba kinachofaa katika tiba hii si kipya, na kilicho kipya hakifai. Yaani, kinachoponya ni kule kuikabili kumbukumbu kwa utaratibu, jambo lililojulikana kabla, na macho ni pambo. Aliilinganisha na ile tiba ya Mesmer ya karne ya 18, aliyewashawishi watu wa Paris kwamba anawaponya kwa nguvu za sumaku za mwilini. Kwa hiyo shemeji hakucheka peke yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2001 haukuona kwamba macho yanaongeza chochote, ingawa mwengine wa mwaka 2013, kwa haki ya mjadala, uliona yanaongeza.

Maelezo yanayonikaa vizuri zaidi ni yale ya akili yenye nafasi ndogo. Tuseme unaikumbuka picha ya kutisha huku macho yako yana kazi ya kufuata kitu. Akili haiwezi kuvibeba vyote viwili kwa ukamilifu, basi picha hufifia, na ikirudi ghalani hurudi ikiwa imefifia. Watafiti wa Uholanzi wamelipima jambo hili, na imeonekana kwamba hata kuhesabu kwa kurudi nyuma hupunguza ukali wa picha. Mimi hulifikiria kila msimu ninapowasikiliza wanawake wa kwetu wakichambua karafuu usiku, kwani pale husimuliwa misiba ambayo mchana haitamkiki, na mikono haisimami. Sidai kwamba kuchambua karafuu ni tiba. Nasema tu kwamba kidole hakina siri, na anayemwambia mtu kwamba siri imo ndani ya kidole anamuuzia kitu chengine.

Muuguzi wa afya ya akili, Unguja

Mwalimu, hapo hatugombani. Wapo wanaotumia kugonga kwa upole magoti au mikono, kulia kisha kushoto, au sauti katika masikio kwa zamu, kwa mgonjwa ambaye macho yanamuuma. Lililo muhimu kwa dada yetu ni kwamba tiba ya mazungumzo niliyoitaja imepewa uzito sawa katika mwongozo ule. Akimkosa aliyesomea ya macho, asione kwamba amekosa dawa.

Mzaliwa wa Mkoani, sasa Uingereza

Ndugu zangu, mimi nimeketi katika kile kiti, basi niruhusuni niseme kidogo.

Mwaka 2016 nilikuwa katika ajali ya gari ambayo mama yangu mdogo alifariki kando yangu. Miaka miwili baadaye nilikuwa bado naiona kandambili yake moja barabarani, imelala kifudifudi, na naiona nikiwa naosha vyombo, nikiwa namsalisha mwanangu, popote pale. Nilipelekwa kwa mwanamke wa makamo aliyeniambia kwamba sina haja ya kumsimulia kila kitu. Hilo ndilo lililonifanya nirudi wiki ya pili. Yeye hajui Kiswahili, na mimi yale mambo hayanijii kwa Kiingereza. Nilikaa nikayapitia kimoyomoyo kwa Kipemba changu, na alipouliza kimenijia nini nilimjibu kwa neno moja, "mkono", au "petroli", naye akasema tuendelee na hilo.

Namba yangu ya kwanza ilikuwa 9. Kauli niliyokuwa nikijiambia ilikuwa kwamba ningemfunga mkanda angekuwa hai. Nilidhani vidole vitanitia usingizi, kumbe nililia tangu mwanzo mpaka kamasi zikanitoka, huku nafuata vidole vile, kulia, kushoto, na katikati ya kilio nikajikuta nimekumbuka kitu ambacho sikuwahi kukikumbuka: kwamba nilimwambia afunge, akanijibu kwamba tumeshafika. Hakuna aliyenitia maneno hayo. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimechoka kama aliyefua nguo za arusi nzima, na usiku nikaota ndoto nyingi. Mtaalamu alikuwa ameshanitahadharisha kwamba siku mbili tatu baada ya kikao akili huendelea na kazi. Kikao cha sita namba ilikuwa 1. Kandambili bado naiona nikitaka kuiona, lakini sasa iko mbali na ni ndogo, na haiji yenyewe.

Dada wa Wete, nina ombi moja. Usimshike mdogo wako ukamuuliza usiku ule ulikuwaje. Na msimlazimishe kupanda boti ili azoee.

Mwalimu wa chuo, Micheweni

Mwanangu, nimesoma yote haya kwa makini. Nimewasomea watu wengi kwa miaka mingi, na najua kwamba wapo watakaokuambia huyu ana shetani wa baharini anayetaka kupungwa. Mtu anayetetemeka kwa harufu ya dizeli baada ya kukesha ndani ya maji pamoja na maiti hahitaji kutafutiwa jini ili aeleweke. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu, na kisomo hakizuii hospitali wala hospitali haizuii kisomo. Mimi niko tayari kumsomea jioni yoyote, kwa sharti kwamba asubuhi yake aende kwa daktari, na kwamba asipate mtu wa kumpigia ngoma.

Mkaazi wa Wete (aliyeuliza)

Ahsanteni sana. Mume wangu amesoma jibu la Mwalimu wa sayansi mara mbili, na sasa anasema kwamba hakukosea kucheka ila alicheka mapema.

Jana nilikwenda kwa mdogo wangu. Sikumuuliza chochote kuhusu bahari. Nilimwambia tu kwamba kuna tiba ambayo mtu halazimiki kusimulia, na nikamsomea yale maneno ya dada wa Mkoani, kuhusu kujibu kwa neno moja. Alinyamaza muda mrefu, tukanywa chai, nikadhani amekataa. Nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni aliniambia, "Lile godoro lilikuwa la mtu mwengine." Akaingia ndani.

Nifanye nini na maneno hayo? Niyarudie kwake, au nijifanye sikuyasikia?

Muuguzi wa afya ya akili, Unguja

Usiyarudie, wala usijifanye hukusikia. Mwambie kwamba umesikia, unamshukuru kwa kukuambia, na hutamuuliza zaidi. Basi. Na tafadhali usimwambie kwamba hana kosa, hata kama unaliamini hilo kwa moyo wako wote, kwa sababu yaelekea amejiambia mwenyewe mara elfu na haikumfaa. Kauli ile ndiyo itakayofanyiwa kazi, na inahitaji kufanyiwa kazi na yeye mwenyewe.

Hatua ya kwanza haihitaji kuvuka bahari. Nendeni hospitali ya hapo Wete au ya Chake Chake, muulize daktari au muuguzi anayeshughulikia maradhi ya akili, mueleze kwa ufupi mambo manne tu: usingizi, harufu ya dizeli, kutosikia anapoitwa, na vidonge. Mseme wazi kwamba mnataka tiba ya mazungumzo ya kiwewe, si dawa pekee, na muulize ni nani aliyeisomea. Kikao kinaweza pia kufanyika kwa njia ya video na mtaalamu aliye mbali, maadamu ni mtaalamu kweli na yupo mtu wa kukaa naye chumba cha pili. Hilo ni tofauti kabisa na kuiga video ya mtandaoni.

Wewe ndiye ukae chumba hicho cha pili, akikubali. Mkewe naye aelezwe kwamba usiku asimfungue vidole. Amwache alishike.