Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza na meki (vepu isiyo na chipu), na koili uliyosuka mwenyewe

Mzee wa Mizunguko
Wakuu, jana nilikuwa napanga droo nikakutana na tubu yangu ya kwanza ya shaba, yaani mwili wa meki, imeshaota kutu ya kijani kwenye nyuzi za kufungia, zile kama za skrubu. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Siku ile nilikuwa nimesuka koili mbili (waya unaopata moto na kuchemsha juisi), Kanthal geji 26, mizunguko saba kila moja, nimezungushia shina la bisibisi la milimita 3. Mikono inatetemeka utadhani nategua bomu. Kipimo kinasoma omu 0.46. Nikaweka pamba, nikatia juisi, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Robo saa nzima nageuza betri, nakaza skrubu za nguzo zinazoshika koili, namlaani aliyeniuzia. Kumbe pete ya kufuli ya swichi ilikuwa imefungwa muda wote.

Haya, kila mtu amwage ya kwake. Mlioanza na meki mlianzaje, na nini kiliwatoa jasho? Wa modi za chipu, vepu zenye chipu ya kudhibiti umeme, mnaruhusiwa kusoma.

Pamba Kavu
Hahaha hiyo ya kufuli tumepita wote.

Nguzo Mbili
"Mnaruhusiwa kusoma." Dharau zimeanza mapema leo.

Fundi Kibano
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi koili haikunisumbua, kilichonisumbua ni pamba. Niliishindilia kama najaza godoro. Koili yenyewe ikapinda, mimi naona sawa tu, nikijua pamba nyingi ndiyo juisi nyingi. Vuto la kwanza tamu. La pili tamu. La tatu nilimeza moto. Pamba ilikuwa imekauka katikati na inaungua, juisi haipiti kwa jinsi nilivyoikaba. Nilikohoa mpaka nikashika ukuta. Ile ladha ya pamba iliyoungua ilikaa kooni siku mbili.

Sasa hivi napitisha pamba ikishika koili kidogo tu, bila kuisogeza. Ncha nazikata mshazari, nazilaza kwenye kisima cha juisi, sizishindilii. Na kabla ya pamba lazima nione koili inavyowaka: nabonyeza sekunde moja, naachia. Iwake kuanzia katikati kwenda nje. Ukiona mguu unawaka kwanza au kuna sehemu moja inayong'aa kuliko nyingine, kwangua taratibu kwa kibano cha seramiki. Narudia, SERAMIKI. Ukibana koili kwa kibano cha chuma huku umebonyeza, unaomba shoti kwa mikono yako.

Mawingu Tele
Mimi nakaza pamba mpaka koili inalia na sijawahi kuungua koo. Kila mtu na kifaa chake.

Fundi Kibano
Inalia kwa sababu inaomba juisi mkuu.

Bi Mkubwa
Kaka zangu mnaongelea pamba, mimi nilikaribia kuzimia. Nilitoka kwenye kile kidude kidogo cha chumvi za nikotini, juisi ya miligramu 50 kwa mililita. Nikaona nina chupa nzima, kwa nini niitupe? Nikaimimina kwenye dripa, kile kichwa cha kudondoshea juisi juu ya koili, ya omu 0.3. Mavuto mawili ya mapafu. Jasho baridi, kizunguzungu, kichefuchefu, nikalala sakafuni maana ndiyo ilikuwa inazunguka polepole kuliko kitanda. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kifaa kikitoa mvuke mwingi vile, juisi yake ni miligramu 3, labda 6 kwa aliyezoea.

Pamba Kavu
Pole sana dada. Nikotini haina utani.

Nguzo Mbili
Na juisi yenyewe iwe nzito, glisirini ya mboga nyingi. Nyepesi itakurukia midomoni ikichemka.

Kidole Gumba
Sikutaka kuandika lakini huu uzi umenitoa. Someni taratibu.

Nilikuwa na miezi minne kwenye meki, najiona fundi. Nikapata tubu ya haibridi. Kwa wasiojua: meki ya kawaida ina pini yake katikati ya atomaiza (kichwa kinachobeba koili) na betri. Haibridi haina. Pini ya atomaiza yenyewe ndiyo inayogusa kichwa cha betri moja kwa moja, wanasema umeme haupotei njiani. Mimi nikachukua tanki langu la zamani, lile lililokuja na modi ya chipu, nikalifunga juu. Sikuangalia kitu kimoja: pini ya lile tanki haichomozi. Imekaa sawasawa na nyuzi. Kwa hiyo nilipokaza mpaka mwisho, kilichogusa chanya ya betri hakikuwa pini peke yake, ni nyuzi zenyewe, na nyuzi ni hasi.

Nikabonyeza. Hakuna mvuke. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, gumba likiwa limekandamiza kabisa, nikijua pengine kuna uchafu. Hapo kitufe kikapata moto ghafla. Nikaachia. Hakikurudi! Kilikuwa kimegandia ndani. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nje, na hilo peke yake nalishukuru mpaka leo, maana dakika tano kabla nilikuwa kitandani. Nikaitupa uwanjani. Ilikuwa bado inabingirika nikasikia sauti kama birika linalochemka, fiiii, halafu moshi mweupe ukatoka kwa kasi kwenye matundu ya chini, ukafuatiwa na harufu tamutamu ya ajabu, kama gundi na matunda yaliyooza. Nyasi zikaungua duara. Nilikaa mbali karibu saa nzima naitazama kama nyoka.

Kwenye gumba nina alama ya duara ya kile kitufe. Jina langu humu mlidhani ni la utani.

Bi Mkubwa
Mungu wangu.

Pamba Kavu
Nimesoma huku naangalia yangu mezani. Nimeitoa betri.

Mawingu Tele
Chai hiyo. Betri ikipata shoti inalipuka hapo hapo, muda wa kuitupa unautoa wapi? Halafu eti birika.

Kidole Gumba
Karibu unywe basi. Alama ya gumba nayo ni chai?

Mzee wa Mizunguko
Mawingu, punguza. Betri nzuri ina kizibo cha usalama juu, gesi ikijaa kinafunguka na inapumua. Inachukua sekunde kadhaa, wakati mwingine zaidi, inategemea ilivyochajiwa na shoti ilivyo. Gesi ikikosa pa kutokea ndipo tubu inageuka bomu. Ndiyo maana meki isiyo na matundu ya hewa, au matundu madogo ya urembo, mimi siishiki hata kwa picha.

Nguzo Mbili
Na kulipuka kupo vilevile. Mei 2018 huko Florida, Marekani, mtu alikufa nyumbani kwake baada ya vepu kulipuka, kipande kikampata kichwani. Januari 2019 mwingine, mkazi wa Fort Worth, Texas, kipande kilimkata mshipa wa shingo. Kwa hiyo mwenye gumba na ashukuru, na mwenye mdomo apumzike.

Mawingu Tele
Sawa basi. Ila tatizo lote hilo dawa yake ni betri tu. Nunua ya ampea 40, umemaliza, suka koili utakayo.

Fundi Kibano
Yaani betri ya ampea 40 ndiyo ingemsaidia kwenye shoti ya nyuzi? Mkuu soma tena.

Nguzo Mbili
Na hiyo 40 iliyoandikwa kwenye ganda mara nyingi ni ya mpigo wa sekunde chache, si ya mfululizo. Meki haijui mpigo, inatoa kadiri gumba linavyokaa. Samsung 25R ni ampea 20 mfululizo, na uwezo wake ni miliampea-saa 2500. Sony VTC6 ina 3000, watu wanaikimbilia kwa sababu inakaa na chaji, lakini mfululizo wake ni 15. Ukiona jina usilolijua linakuahidi 3500 na ampea 40 kwa pamoja, iweke kwenye tochi. Tena tochi ya jirani.

Mtoto wa Wati
Wakuu naomba hesabu, mimi naanza wiki hii. Nimeambiwa nigawe 3.7 kwa omu. Koili yangu ni 0.2, napata ampea 18.5. Betri yangu ya 20. Niko salama?

Mzee wa Mizunguko
Hapana mdogo wangu, aliyekufundisha hivyo alikuwa anakuonea. Betri ikitoka kwenye chaja ina volti 4.2, na meki inazitoa zote kama zilivyo. 4.2 gawa kwa 0.2 ni ampea 21. Umeshavuka. Wati 88 juu ya kitu unachokishika karibu na meno. Anza na 0.5, ampea 8.4, wati 35. Mvuke utaupata na usingizi utaupata.

Mawingu Tele
0.5 ni ya wagonjwa. Mimi niko 0.15 mwaka wa pili.

Bi Mkubwa
Ampea 28 hizo kaka. Wewe ndiye wa kuogopwa humu kuliko betri.

Pamba Kavu
🤣🤣

Waya Mzee
Nami niseme moja. Hapo juu wameanza na Kanthal, sawa, ni rahisi na inavumilia kukosea. Lakini mgeni akianza na Ni80, waya wa nikeli na kromu, ataona koili inawaka haraka zaidi, hakai amebonyeza. Kwenye meki hilo ni jambo kubwa.

Fundi Kibano
Ni80 mizunguko ile ile inakushusha omu bila kujua, mzee. Mgeni aanze Kanthal.

Waya Mzee
Atapima. Kipimo si ndiyo kazi yake?

Fundi Kibano
Wageni hawapimi. Sisi wenyewe tulipima?

Waya Mzee
Mimi nilipima.

Nguzo Mbili
Tusameheane. Pia mkumbuke namba ya geji inakwenda kinyume: 24 ni nene kuliko 28. Nilisuka ya 24 nikidhani ni nyembamba, nikaweka mbili kama ilivyoandikwa kwa 26, nikashangaa zinasoma chini ya 0.3. Na koili mbili zinagawana, kila moja ikiwa 0.9 pamoja zinakuwa 0.45.

Mpita Njia
Mimi yangu fupi. Niliweka meki mfukoni bila kufunga kufuli. Nilikuwa nimekaa kwenye basi. Nilisimama kabla ya kituo.

Pamba Kavu
"Nilisimama kabla ya kituo" nimecheka mpaka machozi, samahani lakini.

Mpita Njia
Cheka tu. Paja limepona, suruali haikupona.

Bi Mkubwa
Na betri za akiba msizitupe mkobani na funguo. Nina kiboksi cha plastiki, betri mbili, sitoki bila hicho. Tena angalieni lile ganda la plastiki na kile kipete cheupe juu. Mwili wote wa betri ni hasi, ganda likichanika karibu na chanya hapo juu, kufunga tu kwenye tubu kunatosha kuleta balaa. Ganda jipya unavalisha kwa dakika moja, linasinyaa kwa hewa ya moto.

Mtoto wa Wati
Dada, kwa hewa ya moto si betri itapata joto?

Bi Mkubwa
Kikausha nywele, mpenzi. Sekunde chache. Si jiko.

Waya Mzee
Ushauri wangu wa mwisho: anza na modi ya chipu mwaka mzima, suka koili juu yake, ndiyo uje kwenye meki.

Mzee wa Mizunguko
Mwaka mzima, mzee? Huu uzi ni wa meki.

Waya Mzee
Ndiyo. Nami nilikuja kuuharibu.

Mgeni Kabisa
Samahani wakuu nimechelewa, sijasoma kurasa zote. Nimesuka koili mbili leo, kipimo kinasoma 0.08. Nilijaribu kwenye modi ya chipu ya kaka yangu ikakataa, inaandika shoti. Nimeona nihamishie kwenye meki maana hiyo haina maneno mengi. Nimeshafunga kila kitu. Nibonyeze?

Fundi Kibano
USIBONYEZE

Nguzo Mbili
USIBONYEZE. Toa betri kwanza.

Kidole Gumba
Toa betri ndugu yangu. Hizo ni ampea zaidi ya 50. Toa betri, weka mbali, ndiyo urudi kuandika.

Bi Mkubwa
Mgeni?

Mawingu Tele
Hata mimi nasema toa.

Pamba Kavu
Mkuu upo?

Mzee wa Mizunguko
Mgeni, andika hata herufi moja.

Mgeni Kabisa
Nipo wakuu, nilikuwa natafuta miwani. Betri nimetoa. Mguu mmoja wa koili ulikuwa mrefu, unagusa sakafu ya deki, pale koili inapofungwa. Nimeukata, sasa inasoma 0.44. Ila nikirudisha betri na kubonyeza haiwaki kabisa. Hivi hii pete ya kwenye swichi inazungushwa upande gani?