Nahamia Arusha na familia: Kisongo, Muriet au Usa River? Naomba ushauri

BabaWatatu_Rau
Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Nimeishi Moshi miaka kumi na moja, Rau, mferejini nyuma ya nyumba maji yanapita mwaka mzima. Sasa kazi inanihamishia upande wa uwanja wa ndege wa Arusha, naanza Januari. Tuko sita: mimi, mke, mama yangu anayesumbuliwa na magoti, na watoto wa miaka 9, miaka 5 na miezi minane. Huyu wa miaka 5 ana pumu.

Jumamosi tulikwenda kuangalia nyumba Kisongo. Vyumba vitatu, uzio mzuri, laki tatu kwa mwezi. Nikapitisha kidole dirishani, kikatoka na vumbi laini kama unga wa sembe, na mwenye nyumba anasema wamefuta asubuhi. Upepo haukutulia tangu saa tano mpaka tunaondoka. Miti ni migunga tu. Mke wangu alinyamaza njia nzima hadi King'ori, ndipo akaniuliza, "Mtoto atalala wapi mle?" Sikuwa na jibu.

Wengine wananiambia Muriet, wengine Usa River kwenye kijani. Mnaoishi huko nisaidieni, maana usingizi sipati.

MamaT_Kisongo
Pole kaka, na karibu. Mimi huu mwaka wa saba Kisongo na wa kwangu ana pumu pia, kwa hiyo najua unachoogopa.

Vumbi ni kali kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua za vuli. Masika ukija huamini, nyasi mpaka magotini. Cha kuangalia ni nyumba imekaaje. Upepo wa huku unatoka mashariki, ndiyo maana hata njia ya kurukia ndege imelazwa mashariki-magharibi. Chumba cha mtoto kisiwe na dirisha upande huo. Pia usichukue nyumba inayopakana na barabara ya vumbi. Ukirudi nyuma nyumba tatu nne tofauti ni kubwa sana. Sisi tulipanda mijohoro uzio wa mashariki, tukatoa zulia, ufagio mkavu hauingii ndani, ni kupiga deki tu. Mwaka wa kwanza tulikimbizana na hospitali usiku mara nne. Mwaka jana hata mara moja.

FundiBomba
Mkuu, kila mtu anauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Uliza pia ni maji gani.

Mawe ya volkano ya Mlima Meru yana madini ya floraidi, na visima na chemchemi nyingi kuuzunguka mlima zinayabeba. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kuna visima vinapita hapo mara kadhaa, hata kwenye hicho kijani cha Usa River na Maji ya Chai. Meno ya kahawia unayoyaona kwa watoto ndiyo hayo, siyo uchafu. Jino linaharibika likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, kwa hiyo huyo wa miezi minane na wa miaka 5 ndio walio hatarini zaidi. Yakizidi kwa miaka mingi, yanaingia kwenye mifupa.

BabaWatatu_Rau
Fundi, asante. Kwa hiyo tukichemsha maji vizuri inatosha?

FundiBomba
Hapana, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi inabaki pale pale, na maji yakipungua sufuriani inakolea. Chujio la kawaida la mshumaa nalo haliitoi. Lipo la mkaa wa mifupa, linafanya kazi, ila linachoka na lazima libadilishwe. Magadi ya kulainishia makande pia yanaongeza, mwambie mama apunguze.

Maji ya mvua ndiyo mkombozi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kunywa na kupikia, watu sita, weka lita 30 kwa siku. Tangi la lita 5,000 lililojaa masika linawavusha miezi mitano na zaidi. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati, imwage, ndipo ukinge.

Mkazi_Muriet
Muriet usafiri upo, maduka yapo, shule zipo karibu. Ila chunga makorongo. Aprili 2024 hapa Arusha basi la shule lilisombwa na maji ya korongo, tukazika watoto. Kiangazi korongo linaonekana kama njia tu, watu wanapita na pikipiki. Tazama senyenge za uzio: ukikuta majani makavu na mifuko imenasa usawa wa kiuno, maji yalifika hapo. Na waulize bodaboda wa kijiweni Aprili wanapita wapi.

Neema_UsaRiver
Kwetu pazuri, lakini kazi yako iko upande wa pili wa jiji. Kila siku utatoka kabla watoto hawajaamka na kurudi wamelala. Mimi nisingekubali.

BabaWatatu_Rau
Wakuu, mrejesho. Nimerudi Kisongo Jumanne saa nane mchana, makusudi, upepo ukiwa juu. Ile nyumba ya kwanza nimeiacha. Nimepata nyingine ndani zaidi, vyumba viwili vya kulala vinatazama magharibi, korongo liko mbali. Njiani nilipishana na binti anaswaga punda mwenye madumu manne. Akanisalimia akitabasamu, meno ya mbele yote yana michirizi ya kahawia. Nikamkumbuka mwanangu wa miezi minane, ambaye hana hata jino la tatu.

Mke amekubali kwa sharti moja: tangi lijengewe msingi na lifungwe kabla hatujahama. Mwenye nyumba ameridhia tukate kwenye kodi. Fundi, paa ni la migongo miwili, mita 12 kwa 10, gata hakuna kabisa. Ninunue mita ngapi?

FundiBomba
Kama mteremko unaangukia pande ndefu, mita 12 kila upande, jumla 24. Nunua 26, kuna vipande vitakatika. Bati likoje, lina kutu?