Chiefs wamlipe Trey Smith pesa ndefu au wamwache aende?

MkaziWaKC
Wakuu habari za jioni. Hili jambo linaninyima raha tangu mwezi wa tatu na tarehe 15 Julai ndo hiyo inakuja, ikipita bila mkataba mrefu basi Trey Smith, gadi wa Chiefs kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, anacheza msimu huu wa 2025 kwa tegi tu, yaani timu inamzuia kwa dola milioni 23.4 za mwaka mmoja, halafu mwakani anaweza kubeba begi akaondoka.

Nipo Kansas City mwaka wa sita sasa. Kazini kila mtu ni Mahomes, kwotabeki wetu anayerusha mpira, na Kelce anayeudaka, hakuna anayemtaja gadi, yule wa laini ya mbele anayemkinga Mahomes. Mimi nilianza kumwangalia namba 65 baada ya jamaa mmoja kuniambia acha kufuata mpira, mpira ukishatolewa tu weka macho kwa yule mtu wa kulia kwa senta, yule wa katikati anayeutoa mpira. Nikafanya hivyo mechi nzima. Aisee. Jitu la kilo 150 linamshika mtu kifuani, linamsukuma nyuma hatua nne tano mpaka chini, halafu linainuka kutafuta mwingine. Na huyu alichukuliwa raundi ya 6 ya drafti, ule mgawo wa wachezaji wapya, mwaka 2021, namba 226, maana timu ziliogopa zile damu zilizokuwa zinaganda kwenye mapafu alipokuwa chuo Tennessee.

Swali langu, kepu, yaani kikomo cha mishahara, ya mwaka huu ni dola milioni 279.2 kwa timu nzima. Je ni busara gadi mmoja achukue zaidi ya 20 kwa mwaka? Mimi nasema alipwe ila nataka kusikia na nyie.

Kocha_wa_Kijiweni
Mkuu mimi sikubaliani. Gadi ni gadi. Pesa kubwa mpe teko wa kushoto, yule wa pembeni mwa laini anayelinda mgongo wa kwotabeki, maana wale wakimbiaji hatari wa pembeni ndo wanaomaliza mechi. Penei Sewell alipewa milioni 112 kwa miaka 4 pale Detroit nikaelewa, yule ni teko. Chiefs wenyewe wameshamlipa senta Creed Humphrey milioni 72 mwaka jana, teko Jawaan Taylor wakampa 80 mwaka 2023 na faulo zake mnazijua. Ukiongeza Smith hapo, Chris Jones yupo, Mahomes yupo, mabeki wazuri utawalipa na nini? McDuffie naye atataka chake. Kuna vijana kwenye drafti kila mwaka, si hata Smith mwenyewe alitoka raundi ya 6?

Mama_Zawadi
Kaka Kocha nakuheshimu ila hapo kwenye raundi ya 6 umejifunga mwenyewe, kupata mtu kama yule kwa bei ile ni bahati inayokuja mara moja, huwezi kupangia timu mipango kwa kutegemea bahati.

Hebu turudi nyuma kidogo. Februari 2021 kwenye fainali ya Super Bowl pale Tampa, mateko wetu wawili hawapo, Eric Fisher kaumia kisigino, Schwartz mgongo, Mahomes akakimbizwa uwanja mzima tukafungwa 31 kwa 9, tachidauni hata moja hatukupata. Siku ile niliona kwotabeki anarusha mpira akiwa amelala hewani kabisa na bado unafika kwa mtu, mwenzie akaudondosha, niliumia sana. Timu ikajifunza, ikamleta gadi Thuney kwa milioni 80, ikafanya mabadilishano ikampata teko Orlando Brown, ikawachukua Humphrey na Smith kwenye drafti. Miaka miwili baadaye, Februari 2023, tunakutana fainali na Eagles waliokuwa na saki 70 msimu ule, yaani kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha, sabini! Wakamwangusha Mahomes mara ngapi? Sifuri. Tukashinda 38 kwa 35.

Sasa angalia Februari mwaka huu New Orleans, fainali tena na Eagles. Teko wa kushoto tumekosa, Thuney kahamishwa kutoka gadi kwenda kuziba pengo, na nafasi yake ya gadi ikabaki kwa Caliendo. Tukapigwa saki sita, mapumziko tunafungwa 24 kwa 0. Na Eagles hawakutuma watu wa ziada, wale wanne wa mbele tu walitosha. Milton Williams wao alikuwa anapita KATIKATI. Presha ya pembeni Mahomes anaikwepa kwa kupanda mbele, ya katikati anapanda kwenda wapi?

Na Thuney tumeshampeleka Chicago kwa nafasi ya drafti ya raundi ya 4. Ukimwondoa na Smith anabaki Humphrey peke yake pale kati.

Otis_254
Dada umemaliza. Mi naongeza moja tu, hao Eagles waliotuchapa 40-22 walimlipa gadi wao, Landon Dickerson, milioni 84 kwa miaka 4 mwaka jana, na teko wao Mailata pia wakamlipa. Wenzetu hawaogopi kulipa watu wa laini. Muulize Joe Burrow, kwotabeki wa Bengals, msimu wa 2021 aliangushwa mara 70 ukihesabu na za mtoano, saba kati ya hizo kwenye fainali, na walipoteza kwa pointi tatu tu.

Kocha_wa_Kijiweni
Hiyo ya katikati nakubali, sikuwa nimeifikiria hivyo. Lakini hesabu ya kepu bado inanisumbua.

MkaziWaKC
Mkuu kwenye kepu, ndo maana nataka mkataba mrefu kuliko tegi. Tegi yote milioni 23.4 inakaa kwenye mwaka huu, haigawanyiki. Ukimsainisha miaka minne bonasi inasambazwa, mwaka wa kwanza unabaki na nafasi ya kuongeza mtu. Na teko wa kushoto tumeshamtafuta, Josh Simmons wa raundi ya 1, kijana anayetoka kwenye jeraha la goti. Mtoto kama huyo usimzungushie wageni watupu.

MkaziWaKC
WAKUU WAMESAINI!! Miaka 4, milioni 94, na 70 kati ya hizo ni za uhakika. Gadi anayelipwa kuliko wote kwenye ligi. Nimeisoma niko kwenye basi natoka shifti, nimepiga kelele mpaka dereva kageuka. Mama Zawadi asante, Kocha njoo tuangalie mechi ya kwanza pamoja, tutakaa tunamwangalia 65 tu.

Kocha_wa_Kijiweni
Nakuja mkuu. Ila Taylor akicheza rafu tena mimi sitanyamaza.