"Dini imeshasema": kupitia kinywa cha nani?

Wakuu, nimefuatilia mjadala huu wa dini na ushoga tangu mwanzo, na kila anayeishiwa hoja anamalizia na "dini imeshasema". Sawa. Imesema kupitia kinywa cha nani?

Tuanze na Wakatoliki, maana wao angalau wana kiti kimoja. Januari 2023 Papa Fransisko alisema kuwa shoga si jinai, ila tendo ni dhambi. Wengi wetu tukashika la dhambi. La jinai tukasema mzee kapotoka. Desemba hiyohiyo ikatoka Fiducia Supplicans, hati ya Vatikani ya kuruhusu padri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, bila ibada rasmi wala kufananisha na ndoa. Hata mwezi haukuisha: Januari 11, 2024, Kardinali Ambongo wa Kinshasa akatangaza kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka hizo huku hazitatolewa, na Papa mwenyewe aliridhia. Ndugu aliyeandika "mkubwa akishasema imekwisha" anioneshe hapo ilikwisha kwa mkubwa yupi.

Waanglikana ndio usiseme. Azimio la Lambeth, mkutano wa maaskofu wao wa dunia nzima, la 1998, namba 1.10, linasema tendo hilo haliendani na Maandiko. Azimio hilohilo linalaani woga usio na sababu dhidi ya mashoga na linataka wasikilizwe. La kwanza nimelisikia mara nyingi. La pili bado nalisubiri mimbarani.

Dada mmoja kasema kwa Waislamu hakuna utata. Kwenye uharamu, mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wa madhehebu yote manne ya Sunni wamekubaliana, simpingi. Kwenye adhabu hawakukubaliana: Abu Hanifa, imamu wa mojawapo ya madhehebu hayo, hakuiona kuwa haddi, yaani adhabu iliyowekwa kwa kiwango maalumu, aliiona taaziri, yaani adhabu inayoachiwa hakimu. Na Surat an-Nur, aya ya 4, inawaandikia mijeledi 80 wanaowatuhumu zinaa wanawake waliojihifadhi bila kuleta mashahidi wanne. Uzito huo wa ushahidi wanausahau wepesi wanaomhukumu mtu kwa mwendo wake tu.

Mimi sidai mafundisho yabadilike. Padri akikataa kubariki, madhabahu ni yake. Ugomvi wangu na yeye unaanza akishageuza mimbari kuwa kituo cha polisi.

Niliwahi kukaa nyuma ya kijana wa kwaya siku mhubiri alipolifikia somo hili. Jina hakutaja, na hakuwa na haja, shingo za watu ziligeuka zenyewe. Kijana akawa anafungua kitabu cha nyimbo, anafunga, anafungua tena. Wimbo uliofuata aliimba, nilimsikia. Jumapili ya pili yake sauti ya tatu walikuwa watatu badala ya wanne, na hakuna aliyeuliza.

Mnaosema mhubiri yule alikuwa na mamlaka, nitajieni basi andiko lililompa. La kukemea dhambi nalijua. Nataka lile la kuwageuza watu shingo.