Msaada: Solenopsis invicta ni siafu, majimoto, au nani?

MtotoWaKichuguu:
Wakuu, naandaa somo la wadudu nimekwama kwa chungu huyu mwekundu. Kitabu kimoja kinamwita Solenopsis invicta, maandishi mengine wagneri. Ni wawili hao? Na kwa Kiswahili nimwiteje? Niliandika "siafu", mwenzangu akasema ni majimoto. Ninayo sampuli ya darasani kwenye spiriti, wote wa kichuguu kimoja, na lenzi ndogo.

Pingili10:
Siafu futa kabisa! Siafu ni Dorylus, anahamahama kwa misafara na silaha yake ni taya. Majimoto ni Oecophylla, anashona majani juu ya mti na hana mwiba wa kuchomea. Huyu wako anang'ata ili ajishikilie, anakunja tumbo anachoma, anajizungusha anachoma tena. Sumu yake karibu yote ni alkaloidi (kemikali zenye nitrojeni), ndiyo maana kesho yake panatunga kijipu cheupe. Mimi humwita chungu moto.

Sasa shika lenzi. Kiuno kiwe na vifundo viwili. Kipapasio kiwe na pingili 10, mbili za mwisho zimevimba kama rungu. Kisha mtazame usoni: katikati ya ukingo ulio juu ya taya pana kijino. Ndugu yake Solenopsis geminata hana kijino hicho, na vibarua (chungu wafanyakazi) wakubwa wa geminata wana vichwa vipana mno.

Bi_Mdudu:
Majina: ni mmoja. Mtaalamu wa chungu Santschi alimweleza mwaka 1916 kama aina ndogo, wagneri. Mwaka 1972 mtaalamu mwingine, Buren, akamwita invicta, yaani asiyeshindwa. Kwa kanuni jina la kwanza ndilo hushinda, lakini invicta lilikuwa limeshazoeleka mno, tume ya kimataifa ya majina ya wanyama ikaliokoa. Andika invicta.

MtotoWaKichuguu:
Nimehesabu, 10 kamili, na kijino nimekiona! Ila wengine wana milimita 2, wengine 6. Na malkia wako watatu. Au chupa imechanganywa?

Pingili10:
Haijachanganywa. Vibarua wa kichuguu kimoja hutofautiana kimo hivyo hivyo, usiwagawe kwa ukubwa. Malkia watatu ndio utamu wenyewe: vipo vichuguu vya malkia mmoja na vya malkia wengi. Tofauti inatokana na fungu la jeni zinazorithiwa pamoja, jeni ya Gp-9 ikiwemo; fungu hilo lina matoleo mawili. Kwenye vichuguu vya malkia wengi, malkia asiye na toleo la malkia wengi vibarua humuua anapoanza kutaga. Kwenye lebo andika idadi ya malkia, usiwatenganishe na vibarua wao.