Seng'enge yangu inakatwa usiku, asubuhi fidia nalipa mimi. Nachingwea hii mpaka lini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimetoka ofisi ya kijiji sasa hivi, nimelipa shilingi 640,000. Kosa langu ni kwamba nina ng'ombe 14, nina uzio, na kila mtu anajua nyumba yangu ilipo. Ningekuwa nazunguka na mifugo porini, leo zizi huku kesho kule, nisingelipa hata senti tano.

Niko wilaya ya Nachingwea, kijiji sikitaji maana bado naishi hapa na watoto wangu wanasoma hapa. Nina ekari 22 za malisho nilizopewa na mkutano mkuu wa kijiji mwaka 2014, muhtasari wenye mhuri ninao. Uzio nimeujenga kwa hela ya ufuta na korosho, kidogo kidogo. Msimu ukiwa mzuri naongeza roli tatu nne za seng'enge, msimu ukiwa mbaya nafunga palipolegea tu. Nyuzi nne kuzunguka eneo lote, imenichukua miaka saba kuunganisha mwanzo na mwisho. Na wanaojua udongo wetu wanajua habari ya mchwa. Nguzo ya mti laini hapa haimalizi mwaka. Mpingo mchwa hawauwezi, lakini mpingo una kibali chake na bei yake, si mti wa kuchimbia uzio wa mtu kama mimi. Kwa hiyo nachoma shina la nguzo, nalipaka oili chafu, nafukia, na bado kila kiangazi natoa nguzo kama 40 zilizooza na kuweka mpya. Upande wa barabara nimepanda minyaa na mibono iwe uzio hai, maana ng'ombe akishaonja utomvu wa mnyaa harudi tena. Nayasema haya ili asitokee mtu hapa kuniambia sijajali mifugo yangu.

Sasa ni Agosti. Nje nyasi zimekwisha, na zilizobaki zimeungua kwa moto wa watu wanaowinda panya na wanaosafisha mashamba. Ndani kwangu nyasi zipo, kwa sababu mwezi wa sita nilifyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka eneo lote na kwa sababu nimeligawa vipande vipande, ng'ombe wanakula huku kule kunapumzika. Hizo nyasi nilizozitunza ndizo wanazozifuata usiku.

Jumanne iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, kijana wa jirani akanigongea. "Baba, ng'ombe wako wako shambani kwa bibi." Nikatoka bila viatu. Nilipofika nilimkuta yule mama mzee amekaa chini kwenye tuta, mbaazi zake zimelazwa zote. Mbaazi zilizokuwa zimeshabeba, wiki mbili tatu avune. Na miche 37 ya mikorosho aliyopanda mwaka juzi imevunjwa shina, alikuwa amebakiza muda mfupi tu aanze kuona maua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimekukosea nini?" Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Niseme wazi: yule mama anastahili kila shilingi aliyolipwa. Ng'ombe walikuwa wangu, mbaazi zilikuwa zake, ningemlipa hata bila kuitwa ofisini. Sina ugomvi naye, na wala yeye hana ugomvi na mimi. Jana ameniletea mihogo.

Hasira yangu ni hii. Nilipowatoa ng'ombe nikaenda kuangalia uzio. Nimekuta matundu sita. Na mtu yeyote aliyewahi kufuga anajua tofauti. Ng'ombe akivunja uzio mwenyewe, nguzo inalala, uzi unalegea na kuvutika, manyoya yanabaki kwenye miba, na mara nyingi anapenya mmoja kwanza, dume lililosikia harufu ya jike au jike lililofuata majani, kisha wenzake wanafuata palepale. Mtu akikata kwa koleo, nyuzi zote nne zinakatika kwenye mstari mmoja, ncha zinang'aa, na nguzo za kulia na kushoto zimesimama wima kama nilivyozichimbia. Matundu sita yote yalikuwa hivyo. Ardhini kuna nyayo za ng'ombe zisizohesabika zimeingia kutoka upande wa mtoni na zimetoka kwa njia ileile, mavi mabichi kila mahali, na nyayo za watu wawili. Kundi la ng'ombe wa watu lilikuja kula kwangu usiku kucha, likaondoka kabla ya jua. Wangu wakatoka kwa mlango uliofunguliwa na wengine.

Nikapiga picha, nikaenda ofisini na zile ncha za waya mkononi. Ng'ombe wangu 13 walikuwa wameshazuiliwa pale. Swali la kwanza niliulizwa, "Hawa ng'ombe ni wako au si wako?" Ni wangu. "Basi lipa." Faini 20,000 kwa kila kichwa, 260,000. Fidia ya shamba, 380,000. Bwana shamba alikuja na kamba akapima mbaazi hatua kwa hatua, akahesabu mche mmoja mmoja, kazi nzuri kabisa. Nikamwomba: mtaalamu, ni mita mia nane tu kutoka hapa, njoo uone na uzio wangu, uandike na malisho yaliyoliwa. Akaniambia malisho siyo zao. Mwingine pale ofisini akadakia, "Nyasi ni za Mungu, mzee."

Nyasi ni za Mungu! Hilo neno limenikosesha usingizi siku tatu. Mbaazi ni za nani basi? Mvua inayonyesha kwenye mbaazi ndiyo inayonyesha kwenye nyasi zangu. Tofauti ni jasho, na jasho mimi nimelitoa. Tuna Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo tangu mwaka 2010. Jina lake tu linasema malisho ni rasilimali. Na waya je? Waya nao ni wa Mungu? Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni jinai kwa Kanuni ya Adhabu, haijalishi mali ni bati, mlango au seng'enge.

Polisi nako nilikwenda. RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nimepewa. Nikaulizwa kama nilimwona mkataji kwa macho yangu. Nikaambiwa niweke mafuta ya pikipiki ili waje waone eneo. Nimeweka. Leo siku ya nane.

Na kuna jambo la hereni. Ng'ombe wangu wana hereni za utambuzi masikioni, nililipia mwenyewe, niliambiwa zitanisaidia wakiibwa au wakipotea. Zilichosaidia ni kwamba alfajiri ile hakuna aliyepata shida kujua wa kumdai. Lile kundi la mtoni halina hata hereni moja, na sheria ya kutambua na kusajili mifugo nayo ni ya 2010. Nilifuata nyayo mpaka kambini kwao. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba ng'ombe wao hawakutoka usiku. Nitathibitisha kwa kipi?

Msije hapa na habari za makabila, nawaomba. Uzi huu sikuufungua kwa ajili hiyo. Huku Kusini wazee wetu hawakufuga ng'ombe wengi kwa sababu ya mbung'o, walikuwa na mbuzi na kuku. Daraja la Rufiji likafunguliwa 2003, mifugo ilipoondolewa Ihefu kule Mbarali mwaka 2006 wafugaji wakaelekezwa Lindi, na vijiji vingi vikawapokea bila mpango wowote wa matumizi bora ya ardhi, bila mapito ya mifugo, bila malambo, bila josho. Mtu mwenye ng'ombe mia mbili wenye kiu atapita wapi kama hakuna njia? Naelewa shida yake. Ila shida yake haimpi ruhusa ya kubeba koleo usiku. Na sheria ndogo zetu zimeandikwa na watu wanaojua kitu kimoja tu: ng'ombe akionekana shambani, mwenye ng'ombe ana hatia. Hakuna mstari hata mmoja unaosema nendeni kwanza mkaangalie uzio.

Ndicho ninachokidai, na nitakisema kwenye mkutano mkuu wa kijiji hata kama nitazomewa. Ng'ombe wakikutwa nje, kabla ya kuuliza ni wa nani, watu wawili wa serikali ya kijiji waende kwenye uzio. Kama umelala kwa uzembe, mwenyewe alipe yote. Kama umekatwa, uharibifu wa uzio uandikwe kwenye karatasi ileile ya tathmini, na kila kundi lililopiga kambi kijijini liwe limeandikwa kwenye daftari, idadi na jina la mwenye mali.

Kuna rafiki yangu amenishauri nikusanye vijana twende mtoni. Hapana. Kilosa, pale Rudewa Mbuyuni, mwaka 2000 walikufa watu zaidi ya 30 kwa ugomvi wa namna hii. Mwingine kaniambia niweke uzio wa umeme wa jua. Ndugu yangu, ili nilipe hii 640,000 nimeuza dume la miaka mitatu kwa bei ya kutupa, seng'enge ya kuziba matundu sita yenyewe nimekopa dukani mpaka korosho.

Kama kuna mtu wa Liwale, Kilwa, Masasi au popote aliyewahi kudai fidia ya uzio uliokatwa na akalipwa, naomba anieleze alianzia ofisi gani na alipeleka ushahidi wa aina gani. Picha ninazo, ncha za waya nimezifunga kwenye mfuko.

Na mmoja hajarudi. Mtamba mwekundu, baka jeupe paja la kushoto, hereni ya njano sikio la kulia, ana mimba ya miezi sita. Mtakaomwona barabara ya Ruangwa au ya Masasi, msimfukuze kwa mbwa. Mfungeni kamba kwenye kivuli, mpeni maji, toeni taarifa kwa mtendaji wa hapo mlipo. Nitamfuata.